Gari Likishawekwa Juu ya Mawe

Mara nyingi huanza na mawe manne, au matofali ya saruji yaliyobaki kwenye ujenzi. Gari huinuliwa kwa jeki, magurudumu yakatolewa yasiharibike bure, boneti ikafunikwa kipande cha turubai. Mwenyewe hajasema kwamba limekufa. Anasema anasubiri kitu: kabureta, pampu ya maji, fundi aliyekwenda kwao msibani. Baada ya miezi kadhaa magurudumu yale yanaonekana mtaani, chini ya mkokoteni wa maji. Betri inakwenda kuwasha redio ya kinyozi. Kisha difu inauzwa. Kuku wakianza kutagia kwenye kiti cha nyuma, gari limekwisha kuagwa, ingawa hakuna aliyetamka kwaheri.

Desturi hii ya kuagana na gari kidogo kidogo imekaa Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na wageni wengi wameieleza kuwa ni umaskini tu. Umaskini umo, hakuna wa kubisha. Lakini ukiifuata historia yenyewe, kutoka Dar es Salaam ya Wajerumani hadi Kamukunji ya Nairobi ya leo, unakuta kwamba maisha ya gari yamekuwa yakirefuka na kufupika kwa sababu ambazo hazimo kwenye injini. Kuna wakati yaliamuliwa na benki kuu, wakati mwingine na mpaka uliofungwa, au sheria iliyopitishwa Japani, au bei ya nondo.

Somo la kwanza alilipata Mjerumani. Agosti 10, 1907, Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililoundwa na kiwanda cha Gaggenau, akitaka kufika bahari ya upande wa pili. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Siku 630. Barabara hazikuwapo, mito haikuwa na madaraja, petroli ilibidi itangulizwe njiani. Lakini kilichomla muda vibaya ni kusubiri. Kifaa kikubwa kikivunjika, taarifa ilisafiri hadi Ujerumani na kifaa kikarudi kwa meli, kisha kikatafutiwa njia ya kumfikia porini. Gari la kwanza kulivuka bara hili kutoka bahari hadi bahari lilitumia sehemu kubwa ya safari yake likiwa limesimama.

Miaka 40 baadaye Tanganyika ilipokea mitambo mibovu kwa wingi ambao haujawahi kuonekana. Serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, iliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa masalia ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino, mengi yakiwa yamekwisha kuchoka kabla ya kupakiwa melini. Kampuni ya Vickers nayo ilichukua vifaru aina ya Sherman na kuvigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mizizi ya vichaka vyake ilivunja majembe. Katika miezi michache ya mwaka 1947 sehemu kubwa ya mitambo ya awali ilikuwa imelala. Mradi ulitupwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35.

Historia nyingi za karanga huishia kwenye hasara hiyo, na kuishia hapo ni kuwasahau waliobaki. Mradi ulikuwa umewafundisha vijana wa Kiafrika kuendesha na kutengeneza mitambo mizito, na uliwafundisha katika mazingira ambayo spea ilipatikana kwa njia moja tu ya haraka: kumng'oa jirani. Trekta moja lililokufa liliwalisha mawili yaliyo hai. Elimu hiyo haikuondoka na Waingereza.

Wakati wake ulifika katika miaka ya 1970. Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 haikulitazama gari dogo la binafsi kwa jicho zuri; aliyekuwa nalo alihesabiwa miongoni mwa wabenzi, na fedha za kigeni zilikuwa na kazi nyingine. Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukabaki hivyo hadi 1983. Katikati ya hayo kukawa na Vita vya Kagera, ambavyo vilichukua malori ya nchi nzima kwenda mbele. Ukataka kuagiza springi ya gari mwaka 1981, ulihitaji leseni ya kuagiza, na leseni ilihitaji dola, na dola hazikuwapo. Ilifika mahali magari ya binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali, ili kuokoa mafuta.

Katika nchi ya namna hiyo gari halikuruhusiwa kufa. Lingefia wapi, na nani angelijaza pengo lake? Mafundi walikata gasketi kwenye maboksi ya karatasi ngumu. Bushi walizichonga kwenye matairi yaliyokwisha. Springi iliyovunjika iliongezewa jani kutoka gari la aina nyingine kabisa. Mashirika ya umma yalikuwa na yadi nyuma ya ofisi ambako Land Rover tatu zilitolewa viungo ili ya nne iende mkoani, na vitabu vya mali vikaendelea kuonyesha kwamba zote nne zipo. Mabasi ya UDA, shirika lililoundwa 1974 kusafirisha watu wa Dar es Salaam, yalipungua barabarani mwaka hadi mwaka huku yale yaliyolala karakana yakipungua nayo, kifaa kwa kifaa. Hata Ikarus za Hungary, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati ambayo watu wa mji waliyaita kumbakumba, ziliishia hivyo.

Land Rover inastahili aya yake. Ilizinduliwa 1948 Uingereza, wakati chuma cha bati kilikuwa cha mgao, kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Uamuzi ule wa dhiki ya vita ulikuja kuwa na matokeo ya ajabu pwani ya Afrika. Hewa ya chumvi iliila fremu ya chini, ambayo ni chuma, na ikaiacha bodi inang'aa. Gari likaweza kuonekana zima kwa mbali na huku haliwezi kubeba hata dereva. Wachomeleaji wa Tanga, Lindi na Mombasa walijifunza kuunda upya fremu nzima kwa vyuma vya kuungaunga, bodi ileile ikarudishwa juu. Lilipokwisha kabisa, alumini yake iliyeyushwa ikawa sufuria.

Gereji nyingi za wakati huo hazikuwa na ukuta wala kibao, na ndiyo asili ya zinazoitwa mpaka leo gereji bubu: mti wenye kivuli, shimo lililochimbwa ardhini, winchi iliyofungwa kwenye tawi, na magari matano ambayo mawili tu yana matumaini. Yale matatu yalikuwa ndiyo stoo. Mwenye gari alilileta kwa nia ya kulitengeneza, fedha zikaisha, fundi akalihifadhi; na kila siku ya kuhifadhiwa ililigharimu nati moja au waya mmoja. Ugomvi kati ya mteja na fundi kuhusu nani alichukua nini ni wa kale kuliko vyama vingi vya siasa vya nchi hizi.

Mwaka 1983 serikali ikakubali kwamba UDA haiwezi peke yake, na mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa Dar es Salaam. Magari yaliyojitokeza yalikuwa yamefufuliwa: pikapu na malori madogo yaliyofungwa mabenchi ya mbao, abiria wakitazamana magoti kwa magoti. Watu waliyaita chai maharage. Mwaka uliofuata aliyekuwa na dola zake mwenyewe akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi, pikapu za Japani zikaanza kumiminika. Hapo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na zaidi, mtu aliweza kulitazama gari bovu uani na kuwaza kwamba labda si lazima lipone.

Kenya ilifika hapo kwa njia nyingine. Uagizaji haukubanwa kiasi kile, na katika miaka ya 1970 vilianzishwa viwanda vya kuunganisha magari Mombasa, Nairobi na Thika. Cha Mombasa ndicho kilichounganisha Peugeot 504, gari ambalo kwa muda mrefu lilikuwa sura ya serikali yenyewe kuanzia kwa mkuu wa wilaya hadi kwa daktari wa mkoa. Ufaransa iliacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Kenya iliendelea na 504 hadi 2004. Huo ni ushahidi wa mambo mawili: gari lilikuwa imara, na spea zake zilikuwa zimejaa nchi nzima hata ikawa ujinga kulibadilisha.

Heshima hiyo ilipikwa pia kwenye Safari Rally, mbio zilizoanza 1953 na kupita kwenye tope na vumbi la nchi tatu. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960, mbili kati ya hizo mikononi mwa Bert Shankland kutoka Tanzania, 1966 na 1967. Lakini ushindi unaohusu habari hii zaidi ni wa 1965. Timu ya Volvo kutoka Sweden ilikuwa imekuja mwaka uliotangulia na magari ya PV544, yakaharibika, timu ikarudi kwao na kuyaacha. Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alichukua moja la magari hayo yaliyotumika, akalifungua na kulifunga upya pamoja na nduguye Jaswant, kisha wakashinda nalo kwa zaidi ya saa moja na nusu mbele ya aliyewafuata. Mafundi wa Nairobi hawakuhitaji mhubiri wa kuwaeleza maana ya tukio lile.

Na Nairobi ilikuwa na mtaa wa kuwalisha. Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi bado wanaiita Grogan kwa jina la mlowezi Ewart Grogan aliyetembea kutoka Kusini mwa Afrika hadi Misri mwishoni mwa karne ya 19, iligeuka soko la viungo vya magari. Milango, taa, rejeta na vioo vilipangwa ukutani mpaka juu. Utani wa Nairobi unasema kioo chako kikiibwa asubuhi, nenda Grogan mchana ukakinunue kabla hakijapata mteja mwingine. Utani huo una uzito wake: soko la spea kuukuu halikuwahi kujua kwa hakika ni gari gani lilikufa kifo chake na gari gani lilichinjwa likiwa hai.

Hatua chache kutoka hapo, Kamukunji, kazi ilikuwa nyingine. Mafundi wa jua kali hawakununua kiungo ili kiwe kiungo tena. Walinunua bati, pipa, mlango wa lori, na nyundo zao zikatoa masanduku ya wanafunzi, majiko, karai na mabomba ya maji ya mvua. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya ajira Kenya iliyowataka watawala waache kuwafukuza watu wa namna hii na waanze kuwahesabu. Ilichukua miaka 13 kabla ya Rais Daniel arap Moi kufika Kamukunji, mwaka 1985, na kuwaahidi vibanda vya kuwakinga na jua.

Rais huyohuyo mwaka uliofuata aliwaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer ilionyeshwa hadharani Kasarani, Februari 1990, yakiwapo magari machache ya mfano. Halikuingia sokoni kamwe. Ni gari pekee katika historia hii lililokwenda juu ya mawe moja kwa moja kutoka karakana lilikozaliwa, na kiwanda chake kikabadilishwa kuwa cha kuchonga vipuri.

Mlango ulifunguka kabisa katika miaka ya 1990, masharti ya fedha za kigeni yalipolegezwa. Magari ya mtumba ya Japani yakaja kwa meli nzima nzima, na hapa ndipo sheria za mbali zinapoingia. Japani ina ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake inamfanya mwenye gari lenye umri afikirie kununua jingine. Wajapani huendesha kushoto, usukani uko kulia, sawa na Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo gari linaloagwa Yokohama likiwa na afya linapokewa Mombasa likiwa jipya.

Mwaka 2002 Japani ikapitisha sheria ya urejelezaji wa magari, ikaanza kazi Januari 2005. Mwenye gari hulipa mapema gharama za kuliteketeza: mifuko ya hewa, gesi ya kiyoyozi, na mabaki yanayobaki baada ya bodi kusagwa. Gari likisafirishwa nje ya nchi, ada hiyo hurudishwa kwa mwenye gari wa mwisho. Hesabu yake ni nyepesi kuifuata. Fedha za mazishi zilikwisha kuwekwa, lakini marehemu akivuka bahari zinabaki Japani. Ulaya ina agizo lake la mwaka 2000 linalowabana watengenezaji kurejeleza karibu gari zima. Hilo nalo halimfuati gari likiondoka. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipohesabu mwaka 2020, lilikuta magari madogo ya mtumba milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, Afrika ikiongoza kwa kuyapokea. Afrika Mashariki haikuuziwa magari tu. Ilipewa pia kazi ya kuyazika, bila ada.

Serikali zilijibu kwa kuweka umri. Kenya inakataa gari lililopita miaka 8. Tanzania hulitoza lililozeeka ushuru wa ziada ambao watu wameubatiza uchakavu. Uganda, tangu 2018, imepiga marufuku lililozidi miaka 15. Sheria hizi hutazama umri wa gari linapoingia, linavyotoka haziulizi.

Wingi huo umebadilisha ufundi wenyewe. Zamani injini iliyochoka ilifunguliwa yote, silinda zikachongwa upya, ringi zikabadilishwa, ikafungwa. Sasa injini nzima ya mtumba inashuka bandarini imefungwa kwenye mbao, na wakati mwingine nusu ya mbele ya gari, iliyokatwa Japani kwa msumeno na kuuzwa pamoja na taa zake. Fundi kijana anaona ni upuuzi kutumia wiki moja kufufua kitu ambacho mwenzake anakibadilisha kwa siku moja. Na gari la kisasa likifa kwenye kompyuta yake, halina dalili inayosikika kwa sikio wala kunusika kwa pua, linakataa tu. Mzee aliyefufua Datsun kwa spana tatu anasimama mbele yake akiwa hana la kufanya. Magari ya leo hukaa juu ya mawe muda mfupi kuliko ya 1981.

Yakishushwa, huenda wapi? Swali hili ndilo lenye majibu matamu zaidi. Majani ya springi za malori ni chuma chenye kaboni nyingi, kigumu na chenye kurudi, na wahunzi wanakipenda kuliko chochote kinachouzwa dukani. Hutengenezwa panga, shoka, jembe na visu vya buchani. Wahunzi wa Kimaasai, wale wa ukoo wa Ilkunono, hufua mikuki na sime kutokana na springi za magari, kwa hiyo silaha inayouzwa kwa mtalii kama urithi wa kale huenda ilianza maisha chini ya lori la tani saba. Difu na ekseli ya nyuma huwa mkokoteni, na mikokoteni mingine ya Nairobi ina usukani na breki za gari halisi. Tairi likikosa hata kiraka huwa ndara: akala kwa Wakenya, makatambuga kwa Watanzania. Tyubu hukatwa ukanda wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Pistoni na kasha la gia, ambavyo ni alumini, huyeyushwa kwenye tanuri la mkaa na kumiminwa kwenye ukungu wa mchanga. Viti huwekwa barazani, na waliovikalia wanajua kwamba hakuna fundi seremala wa mtaa anayevifikia kwa raha.

Betri ni habari nyingine, na haifai kuchanganywa na ucheshi huu. Ndani yake mna risasi na tindikali. Risasi huyeyuka kwenye moto mdogo tu, ndiyo maana wavuvi wamezoea kuifanya chubwi za nyavu na mishipi, na ndiyo maana viwanda vya kuiyeyusha ni rahisi kuanzisha. Kimoja kilijengwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Moshi na maji yake yaliingia majumbani, watoto wakapimwa na kukutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kesi ikapanda ngazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasimama na uamuzi ule. Ukitaka kujua gharama ya kuaga gari bila utaratibu, anzia hapo.

Kilichobaki baada ya wote kuchukua chao ni bodi, na bodi ina mnunuzi wake. Peugeot 504 ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Hata ikivuliwa, chuma chake ni kingi. Vijana wa chuma chakavu hupita na mikokoteni, hupima kwa mizani, hulipa taslimu. Viwanda vya nondo vya Kenya, Uganda na Tanzania huyeyusha chakavu kwenye matanuri ya umeme, na kadiri ujenzi wa maghorofa ulivyoshika kasi katika karne hii, ndivyo bodi zilizokuwa zikiota majani uani zilivyoanza kutoweka. Kutu iliyodharauliwa ikapata bei ya kilo.

Bei ikavuta wezi. Mifuniko ya mitaro, vibao vya barabarani, vyuma vya daraja, hata nguzo za umeme. Kenya ilikwisha kutunga Sheria ya Chuma Chakavu mwaka 2015, ikiwataka wafanyabiashara wawe na leseni, lakini Januari 2022 mnara wa umeme wa njia kuu ya Nairobi ulianguka, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote. Kwa miezi kadhaa hakukuwa na njia halali ya kuuza hata fremu ya gari la marehemu baba. Mei mwaka huo milango ilifunguliwa tena kwa masharti makali zaidi.

Tanzania ilikuwa na mkasa wake, wa karatasi. Kwa miaka mingi kila gari lililosajiliwa lilidaiwa ada ya mwaka, liwe barabarani, liwe juu ya mawe. Daftari la Mamlaka ya Mapato halikuwa na macho ya kuona kuku kwenye kiti cha nyuma. Ada ililimbikizwa, adhabu ikaongezwa juu ya ada, na wako waliogundua kwamba deni la gari limeipita thamani ya gari lenyewe mara kadhaa. Ndipo Juni 2017, katika bajeti ya 2017/18, Waziri wa Fedha Philip Mpango alipoifuta ada hiyo pamoja na malimbikizo yake, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa Sh40 kwa lita. Tangu siku hiyo anayelipa ni anayetembea.

Hata hivyo usajili wenyewe haukufutika. Utaratibu wa kuliondoa gari kwenye daftari upo, lakini unataka fomu, kadi halisi, na mtu wa kufunga safari hadi ofisini kwa ajili ya kitu ambacho hakipo tena. Wengi hawaendi, hasa sasa ambapo hakuna deni la kuwasukuma. Huenda Datsun nyingi za 1978 zimekwisha kuwa nondo ndani ya nguzo za ghorofa fulani Kariakoo, panga huko Kilombero na sufuria mbili za pilau Ilala, huku kwenye kompyuta ya serikali zikiwa bado saluni nyeupe zenye milango minne, namba kamili, na anuani ya sanduku la posta la mwenyewe.